Basi la Kwenda Baharini

Dereva mwenye saumu, zikiwa zimebaki dakika chache magharibi iingie, si mtu wa kusogelewa. Na kazi yetu sisi ilikuwa kumsogelea wakati huo huo. Kila Ramadhani kundi letu la skauti husimama kando ya barabara kuu inayoshuka kwenda Biskra, pale nyumba za mji zinapoishia na mashamba ya shayiri kuanza, tukiwasimamisha wale ambao adhana itawakuta njiani. Tunawapa tende, maziwa, mkate na bureki za moto, zile sambusa zetu ndefu, wafuturu hapo hapo, kisha waende zao polepole. Wengine hulia. Wengine hututukana kwanza, na tende ikishafika kinywani ndipo wanaomba radhi.

Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kundi. Jina langu Ghania, mwalimu wa hesabu, mgonjwa wa sukari, na kama wanafunzi wangu wanavyosema wakidhani siwasikii, mama mwenye mdomo. Daktari alikuwa amenikataza kusimama juani, nami nilikuwa nimemwahidi kwamba nitaacha siku nitakapopata mtu wa kumwachia kundi. Mtu huyo nilikuwa nimeshampata. Nilikuwa namsubiri tu afikishe umri.

Aliitwa Zubir. Mama yake alimleta kwetu akiwa na miaka minane kama mtu anayerudisha redio mbovu dukani. "Mchukueni," alisema, "mimi nimeshindwa." Na kweli alikuwa wa kushindwa. Alikuwa akidanganya hata pasipo na haja ya kudanganya, ukimuuliza jina lake anakupa la jirani. Katika kambi yake ya kwanza alikula nyama ya kikosi kizima akasema ni mbwa. Marehemu Mzee Tahar, aliyekuwa kiongozi kabla yangu, hakumchapa wala hakumhubiria. Alimpa ufunguo wa sanduku la chakula, akamwambia kuanzia leo wewe ndiye mlinzi, mbwa akija tena nitakuuliza wewe. Mtoto alilala juu ya lile sanduku kambi nzima. Samaki mkunje angali mbichi, na Mzee Tahar alijua kukunja bila kuvunja.

Alipofika miaka kumi na saba Zubir alikuwa mkuu wa Kikosi cha Mwewe. Alipakua chakula cha wenzake wote kabla hajajipakulia. Kulikuwa na mtoto mmoja mdogo, Anis, aliyekuwa akiogopa magari tangu baba yake agongwe. Zubir hakumwambia usiogope. Alimpa sinia la tende, akamsimamisha nyuma yake, akamwambia, "Wewe shika mkanda wangu. Nikisogea, sogea. Nikisimama, simama." Ramadhani ya mwaka huo ilipofika katikati, Anis alikuwa amekwisha uachia mkanda. Nilikuwa nikiwatazama wale wawili kando ya barabara, moyo wangu unatulia kabisa. Nilisema, nikifa leo kundi lina mwenyewe.

Sasa sikilizeni yaliyotupata.

Alasiri moja Haji Buzidi, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alifika na gari la kinu cha unga. Alishusha maboksi ya mifuko ya karatasi, mizuri, yenye vishikio. Juu ya kila mfuko palikuwa na picha ya Bwana Mabrouk, mwenye kinu, akitabasamu mpaka kwenye magego. Alikuwa anagombea halmashauri.

"Haji, hii ni nini?"

"Mifuko."

"Mifuko naiona. Nauliza huyu mwenye masharubu anafanya nini juu ya bureki zangu."

"Ghania, dada yangu, usianze. Umefunga."

"Mimi sifungi, nina sukari. Kwa hiyo nina nguvu ya kukujibu. Skauti aliyevaa sare habebi picha ya mwanasiasa. Wewe mwenyewe ulikuwa skauti, uliapa hapo uani, mimi nilikuwepo."

Haji alipangusa jasho. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Mtu mbaya ningemtukana nikapumua.

"Sikiliza," alisema. "Watoto hawa kambi zao zote wamepiga wapi? Kwenye korongo kavu nyuma ya machinjio. Mwaka jana tulilala na harufu ya matumbo. Mabrouk anatoa basi. Basi, Ghania! Mpaka Jijel, baharini, wiki nzima, chakula juu yake. Kuna mtoto hata mmoja hapa aliyeona bahari?"

Hakukuwa na hata mmoja. Hata mimi niliiona nikiwa nimeshaolewa.

"Penye udhia, penyeza rupia," Haji alisema. "Yeye anapenyeza basi. Sisi tunapenyeza mifuko. Nani ameumia?"

Nilimwambia kamati ikitaka mifuko, basi kamati ije iigawe yenyewe, bila sare. Akasema kamati imeshapiga kura, na anayesimamia barabara jioni ile si mimi bali ni Zubir, kwa zamu, nisimwingilie. Na kweli ilikuwa zamu yake. Ndivyo tulivyokuwa tunawafundisha: siku ya zamu yako, barabara ni yako, mtu mzima anakaa kwenye kiti. Nikakaa kwenye kiti, Haji akaanza kutia bureki mifukoni.

Zubir aliutazama mfuko mmoja upande huu na upande ule. Hakupandisha sauti. Aliwaambia watoto watoe kila kilichokuwa ndani, wapange kwenye masinia, na mifuko waikunje vizuri, wairudishe kwenye maboksi.

"Usichane hata mmoja," alimwambia Anis. "Ni mali ya mtu."

Adhana ilipokaribia, Bwana Mabrouk mwenyewe alifika na gari jeupe, pamoja na mpiga picha aliyevaa suti kama bwana harusi. Alikuwa amekuja kufuturu na wasafiri mbele ya kamera. Akakuta madereva wa malori wamechuchumaa, wanakula bureki kwa mikono mitupu, mafuta yanawatiririka mpaka kwenye viwiko, na sura yake yeye imefungwa ndani ya boksi. Dereva mmoja alimkabidhi tende akidhani naye ni msafiri. "Kula, mzee, usione haya," alimwambia. Nilicheka mpaka nikashika kiti.

Mabrouk hakukasirika. Alimshika Zubir shavu, akalitikisa kidogo, akasema, "Kijana mwenye msimamo! Tunawahitaji vijana kama wewe." Akaondoka. Na mimi kwa ujinga wangu nilidhani yameisha.

Kesho yake Haji alinifuata shuleni, uso umemshuka. Basi lipo, alisema, ila kwa sharti moja. Kijana aje ofisini kinuni, aombe radhi, apige picha moja amevaa sare, akipeana mkono na Mabrouk. Asipotaka, atolewe katika kundi linalopanda basi la watu; akibaki, hakuna basi.

"Fadhila za punda ni mashuzi," Haji alisema. "Mtu anakupa bahari, unamvunjia heshima barabarani."

Nilimwita Zubir. Alinisikiliza akiwa amesimama wima, mikono nyuma.

"Nikivua skafu, Mama Ghania, nitasimama naye hata kutwa nzima. Nitamwomba radhi pia, akitaka nitamfagilia ofisi. Nikiivaa, hapana."

"Ni picha moja tu, mwanangu." Nilisema hivyo ili nisikie atajibu nini.

"Unanijaribu," alisema akatabasamu. "Mimi nilikuwa mwongo, nawajua waongo."

Kamati ikafungua shauri: mkuu wa kikosi amekaidi agizo. Na shauri la mkuu wa kikosi halikatwi na kamati wala na kiongozi. Hukatwa na Baraza la Heshima, yaani wakuu wa vikosi wenyewe. Sisi tulikuwa na vikosi vitano, basi walikuwa watano. Hukaa chini kwa duara, kila mmoja amevua skafu yake na kuilaza mbele ya magoti. Anayetaka mshtakiwa abaki huiokota skafu yake na kuivaa. Anayetaka aondoke huiacha pale chini. Mshtakiwa naye hupiga kura, tena ya mwisho. Sijui makundi mengine wanafanyaje. Mzee Tahar alisema mtu atakayewahukumu wenzake maisha yake yote ajue na kujihukumu. Mtu mzima anakaa pembeni, hana kura, na akifungua mdomo anatolewa nje.

Niliingia pale nikiwa na amani, nawaambia ukweli. Niliwalea watoto wale. Kila mmoja wao alikuwa amewahi kubebewa na Zubir, kama si mzigo wake basi kosa lake. Nilisema moyoni, haya ndiyo tuliyowafundishia.

Baraza lilikaa katika chumba chetu baada ya alasiri, dirisha wazi. Uani wadogo walikuwa wanasubiri habari za basi. Nani aliwaambia sijui, lakini walijua. Anis alikuwa amekuja na boya la mpira, limejazwa upepo tayari, amelivaa kiunoni juu ya sare.

Aliyeanza kusema ni Lynda, mkuu wa kikosi cha wasichana. "Sheria anaijua kila mtu humu. Yeye ameifuata. Tunajadili nini?" Akaiokota skafu yake, akaivaa, akakunja mikono.

Wa pili, mkuu wa Kikosi cha Mbweha, alisema baba yake anafanya kazi kinuni. Skafu yake ilibaki chini, na hakuna aliyemlaumu.

Wa tatu alikuwa Nadir. Huyu na Zubir walikuwa chanda na pete, walikula sahani moja, walichapwa na mwalimu mmoja, ambaye ni mimi. Nadir alikuwa na akili nyepesi na ulimi mtamu, nami nilikuwa nimepanga awe msaidizi wa Zubir.

"Zubir, ndugu yangu," alisema, "una haki. Nani kasema huna? Una haki kuanzia juu mpaka chini. Lakini haki yako hatuwezi kuiogelea."

Mmoja akacheka, akajizuia.

"Usicheke, nasema kweli. Mimi nikienda korongoni tena, sawa, nimezoea. Lakini watazame wale wa nje. Mwaka ujao mkubwa wao ataacha shule akalishe kondoo. Hawatapata basi jingine maishani. Kwa sababu ya nini? Ya mfuko wa karatasi ambao mtu anakula, anautupa dirishani!"

"Na sheria, basi," Lynda alisema. "Tuitupe nayo dirishani."

"Sheria haiendi popote, ipo, tutairudia tukirudi." Nadir alimgeukia Zubir, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, sitamsingizia. "Ungepiga tu ile picha, we mjinga. Sekunde moja. Mbona unatufanyia hivi?"

Skafu yake ilibaki chini.

Wa nne alikuwa mkuu wa Kikosi cha Korongo, kijana mwenye kigugumizi ambaye alikuwa hajawahi kusema lolote barazani. Alihangaika na neno moja mpaka jasho likamtoka, halikutoka. Akaiokota skafu, akaifunga ovyo shingoni. Nilitaka kumbusu.

Mbili kwa mbili. Nikavuta pumzi, kwa sababu kura iliyobaki ilikuwa ya Zubir mwenyewe, na kila mtu alijua atafanya nini. Haji, aliyekuwa mlangoni, alikwisha anza kutafuta kofia yake. Nilishaanza kuwaza maneno ya kuwaambia watoto wale uani, kwamba hakuna basi, na kwa nini ni jambo la kujivunia.

Zubir aliitazama skafu yake. Kisha akageuza kichwa dirishani. Anis alikuwa anawaonyesha wenzake jinsi watu wanavyopiga mbizi, anaruka kutoka kwenye ngazi, anaangukia vumbini na boya lake, anainuka anacheka. Sijui Zubir alitazama kwa muda gani. Mimi nilimwona akisogeza mkono, nikasema alhamdulillahi. Mkono ule ulikuwa unaikunja skafu vizuri pale pale sakafuni, pembe juu ya pembe. Alipomaliza aliuondoa mkono akauweka mapajani.

"Zubir!" nilipiga kelele.

"Huna kura, Kiongozi," alisema taratibu.

"Okota hiyo skafu! Okota, nakwambia!"

Kwa mujibu wa kanuni nilitakiwa kutolewa nje. Hakuna aliyenitoa. Lynda alikuwa ameinamisha uso magotini. Zubir alisimama, akakung'uta suruali, akamwendea Nadir.

"Anis umweke kiti cha mbele, karibu na dirisha," alimwambia. "Anatapika kwenye gari lakini hasemi, anaona aibu. Na maji yakimfika kiunoni mshike mkono mpaka azoee. Usimwambie asiogope, hapendi."

Nadir alitikisa kichwa kukubali. Hakuweza kumtazama.

Tulikwenda Jijel. Nataka niseme kambi ilikuwa mbaya, lakini ningekuwa mwongo. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Watoto walipoiona bahari kutoka mlimani walisimama basi zima, wakaanza kupiga mayowe. Nadir alimweka Anis mbele. Alimshika mkono majini, kama alivyoagizwa. Na kila asubuhi, kabla ya kuogelea, aliwapanga watoto mchangani mbele ya mpiga picha, na sare zao, wakampigia Bwana Mabrouk kelele za shangwe. Walifanya kwa furaha. Hakuna aliyewalazimisha. Anis ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote.

Lynda hakuja. Alirudisha sare yake kwangu, imefuliwa na kupigwa pasi, akasema ana mitihani.

Niliporudi nilimtafuta Zubir. Alikuwa kwenye ukuta wa posta, pamoja na vijana wengine ambao kazi yao kutwa ni kuuegemea ule ukuta usianguke. Aliponiona alizima sigara, akasimama wima. Adabu haikuwa imemtoka.

"Nitalifungua upya shauri lako," nilimwambia. "Kanuni inaruhusu. Sasa basi limeshakwenda na kurudi, hakuna atakayekuwa na sababu."

"Acha, Mama Ghania."

"Basi niambie kitu kimoja. Ulipiga ile kura ya kujitoa kwa nini? Ulikuwa umeshinda!"

Alifikiri. Hakuwa ananikasirikia, alikuwa anafikiri kweli, kama alivyokuwa akifikiri nikimpa hesabu ngumu ubaoni.

"Mlinifundisha sheria haikiukwi," alisema. "Mkanifundisha pia wadogo kwanza, wewe baadaye. Nilizishika zote mbili. Siku ile zikagongana. Nikaona mimi ndiye ninayeziba njia katikati, nikaondoka."

"Ungepigana!"

"Na nani? Na Anis?"

Nilimwambia arudi nyumbani akale, akasema ameshakula, nikajua anadanganya. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Uongo ule wa utotoni, usio na haja, ulikuwa umerudi, na hakuna mtu mwenye ufunguo wa kumpa.

Nilijaribu kuendelea mpaka vijana wale wakafikisha umri. Sukari ikanipanda, mguu ukafa ganzi, daktari akanifokea kama ninavyowafokea watoto wa watu. Ilibidi kundi lipate kiongozi, na tuseme ukweli, aliyefaa alikuwa mmoja tu. Watoto walimpenda, kamati ilimpenda, kinu kilimpenda. Hata mimi sikuweza kutaja kosa lake moja ambalo si langu au la mji mzima.

Siku ya makabidhiano ua ulijaa. Haji alihutubia mpaka watu wakaanza kusinzia. Nadir alipiga magoti mbele yangu, nikamwambia asome Ahadi. Aliisoma bila kukosea neno, kwa sauti nzuri, na wanawake wakapiga vigelegele. Nikaweka mkono wangu begani kwake, nikamkabidhi kundi la Mzee Tahar.

Nilipoinua macho nilimwona Zubir. Alikuwa amekuja, amesimama nyuma kabisa, kwenye lango, amevaa shati safi. Alikuwa anapiga makofi. Nilimtazama usoni nikitafuta hasira, kwa sababu hasira ningejua la kuifanya, ningeishika hata kwa ncha nikaanza nayo upya. Nilitafuta dhihaka, nikatafuta hata huzuni. Alikuwa anapiga makofi kama mtu mwingine yeyote aliyepita njiani akasikia kuna sherehe, na wenzake walipoacha, naye akaacha.